Mazabodi mpya inagoma RAM mbili zikiwa 3200, naomba ushauri

Wakuu, habari za jioni. Nipo Mtwara mjini, naomba msaada wa wenye uzoefu na kompyuta za kuunganisha wenyewe.

Nimefunga mazabodi mpya ya soketi AM4 (ya prosesa za AMD) na RAM mbili za DDR4 zenye spidi ya 3200, GB 8 kila moja. Kwa mpangilio wa kawaida zinasoma 2400 na mashine inatulia kabisa. Nikiwasha XMP (mpangilio wa kuipa RAM spidi yake kamili), skrini haileti kitu. Feni zinazunguka, taa ndogo iliyoandikwa DRAM inabaki imewaka, mashine inajizima na kujiwasha, mwishowe inarudi 2400 yenyewe.

Kila RAM ikiwa peke yake kwenye nafasi ya A2 inapiga 3200 bila shida. Zikikaa pamoja, A2 na B2 kama kitabu kinavyoelekeza, inagoma. Nimezibadilishana nafasi, nimetoa betri ya CMOS ili mipangilio ya bodi ifutike, wapi! Ndiyo maana sidhani kama RAM ni mbovu.

Kilichobaki ni kuflashi BIOS, yaani kuweka toleo jipya la programu ya kuwashia bodi, na hapo ndipo naogopa. Huku Chuno umeme ukikatika hauagi, UPS (betri ya akiba umeme ukikatika) sina, na ukikatika katikati ya kuflashi bodi inaweza kufa moja kwa moja. Duka liko Kariakoo, na mashine hii ndiyo ninayoeditia video za harusi.

Je, nianze kwa kushusha hadi 2933 nikiacha volti 1.35, au BIOS kwanza? Na kwa pawasaplai ya wati 550, UPS ya VA ngapi (kipimo cha uwezo wake) itanivusha dakika hizo chache?

Natanguliza shukrani.