Njia ya korongo juu ya Muheza iliyochongwa kwa msaragambo: mama aliyevuka 60 ataiweza?

MtembeziMakorora ameuliza:

Habari za jioni wakuu. Sisi ni kikundi cha matembezi cha mtaani, Makorora, hapa Tanga mjini. Jumapili tukishaswali alfajiri tunatoka kwa miguu hadi Raskazone na kurudi. Lami hiyo tumeizoea mpaka kila shimo tunalijua, sasa wenzangu wanataka mlima na kivuli.

Kuna mwenzetu ana ukweni Muheza. Anasema ukipanda njia ya Amani kuna kijiji wamechonga njia ya miguu ndani ya korongo la kijito, kutoka mashambani mpaka kwenye maporomoko, na kwamba wameifanya kwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya wanakijiji, bila mfadhili wala mkandarasi. Anayeifahamu anisaidie. Tuna mama mmoja amevuka 60, pumzi anayo lakini magoti hayapendi kuteremka. Ataiweza? Twende mwezi gani, na viatu gani?

Na hili ndilo linalonikosesha raha zaidi: hakuna kiingilio, hakuna geti. Watu waliotoa jasho lao tuwape nini? Sipendi twende, tupige picha, turudi mjini kama tuliookota kitu njiani.

MwanaMsambu amejibu:

Karibuni sana, na asante kwa swali lako la mwisho, maana wanaouliza hilo ni wachache. Mimi ni wa kijiji hicho na nimo kwenye kamati ya njia. Jina la kijiji nitakutumia faragha, tumekubaliana wageni wapite kwanza kwa mwenyekiti.

Nianze na mama. Ataiweza. Njia ya zamani ndiyo ambayo ingemtesa, kwa sababu ilikuwa inashuka moja kwa moja toka mashambani hadi mtoni. Mama zetu waliipita wakienda kuokota mbegu za msambu na kuchuma iliki, wakapanda nayo na mizigo kichwani. Huku juu mvua inakaribia milimita 2,000 kwa mwaka, na udongo wetu mwekundu ukishavuliwa majani unaondoka na mvua ya kwanza. Kila masika njia ilizidi kuchimbika. Mwishowe ulikuwa unatembea ndani ya handaki la kufika kiunoni, mizizi inaning'inia huku na huku, na mtu mwenye kuni kichwani hana pa kumpisha mwenzake.

Tulipokaa kuamua, vijana walitaka tuweke ngazi palepale ili kazi iishe upesi. Mzee mmoja, fundi wa kuta za mawe, alikataa katakata. Alitaka handaki tulijaze matawi na mawe, tuliache lijifunge lenyewe, halafu tuchonge njia mpya ikikata ubavu wa mlima. Walibishana mpaka jua likazama. Namshukuru Mungu mzee alishinda, na nitaeleza kwa nini, maana wengi huja wakasifia maporomoko na hawaioni njia yenyewe.

Kupimia tulitumia uzi, vigingi, na chupa ya maji iliyojaa nusu. Ukiilaza kwenye ubao, inakuonyesha wapi pameinama. Kanuni ya mzee ilikuwa hivi: ukienda mita kumi mbele, usishuke zaidi ya mita moja. Mahali ambapo mlima umesimama mno, unapiga kona, unarudi ulikotoka ukiwa chini zaidi, halafu kona tena. Ndiyo sababu njia mpya ni ndefu kuliko ile ya zamani na mtoto wa shule anaiona inapoteza wakati. Lakini magoti ya mama yenu yataielewa, kwa sababu hakuna mahali utashuka kwa kujizuia.

Kazi kubwa kuliko zote ilikuwa kuyatoa maji. Ukitembea utaona ukingo wa nje umeinama kidogo kuliko wa ndani, kama vidole vitatu hivi. Maji yakitoka mlimani yanavuka njia na kudondokea bondeni, hayapati nafasi ya kuifuata. Tena kila baada ya hatua kadhaa njia inazama kidogo kisha inapanda, na pale chini tumelaza mawe mshazari kuyasukuma maji nje. Wageni hudhani ni mapambo. Yale mawe ndiyo njia. Yakizibwa na majani na udongo, mvua tatu kubwa zinatosha kulirudisha handaki.

Mahali pagumu ni pamoja tu, karibu na maporomoko, hapo ilibidi tuweke ngazi za mawe. Kila jiwe limelalia mkia wa jiwe la chini yake, hivyo halichezi, lakini asubuhi lina umande. Mama ateremke kiubavu, fimbo mkono wa bondeni, mkono mwingine ukutani. Asipotaka, abaki juu penye mkuyu. Pale maji yanaonekana yote, na wazee wetu wengi wanakaa hapo wenyewe kwa hiari.

Kabla ya ngazi utaona njia inapinda ghafla kulikwepa jabali. Hapo naomba mtembee taratibu. Kwenye jabali hilo, upande wa kivuli unaochuruzika maji, kuna yale maua madogo ya zambarau yenye majani ya manyoya, ambayo wataalamu wanayaita Saintpaulia. Mkuu wa wilaya ya Tanga enzi za Wajerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, aliyakuta huku Usambara mwaka 1892 na kuyapeleka kwao. Leo yanauzwa kwenye vyungu madirishani Ulaya na Marekani, lakini porini asili yake ni milima yetu hii na misitu michache ya Tanzania na Kenya. Uzi wetu ulipita katikati ya jabali lile. Tuliuhamisha, ikatugharimu kona moja zaidi na siku nzima ya sururu. Msichume, wala msiguse majani yake.

Msioge kwa sabuni kijitoni. Kijito hiki kinaingia mto Zigi, na Zigi inajaza bwawa la Mabayani, ambalo ndilo mnalonywa nyinyi mjini. Maji mtakayoyavuka kwa mawe kule juu ni yaleyale ya bombani Makorora.

Msimu: njooni mwisho wa Juni hadi Septemba, au Januari na Februari. Masika, yaani Machi hadi Mei, tunawakatalia wageni hata wakilia. Vuli mnaweza, ila lazima awepo mtu wa kijiji. Korongo ni jembamba na mvua inaweza kunyesha Amani juu huku nyinyi mko kwenye jua. Mkiona maji yamegeuka rangi ya chai ya maziwa, au majani makavu na vijiti vimeanza kupita kwa wingi, ondokeni kijitoni hapohapo mpande. Msisubiri kuhakikisha.

Viatu: raba yenye meno. Yeboyebo zinateleza vibaya kwenye ukoga wa mawe.

Sasa la kuwapa nini. Pesa msimpe mtu mkononi. Kuna kundi lilikuja wakampa kijana waliyemkuta njiani, kwa nia njema kabisa. Msaragambo uliofuata watu wakaulizana nani amelipwa na nani hajalipwa, na nusu hawakutokea. Kilichoijenga njia hii ni kwamba kila kaya ilitoa mtu na hakuna aliyechukua senti. Mkitaka kutushukuru, fikeni mapema, fanyeni kazi kwa muda wa saa mbili, kisha mtembee. Kusafisha yale mawe ya maji hakuhitaji ufundi, tutawaonyesha. Na mchele au maharage ya chakula cha siku hiyo tunapokea kwa mikono miwili, kwa kuwa siku ya msaragambo kila mtu anakula pamoja.

UmmuSalha_Pongwe amejibu:

Assalam alaykum. Kaka MwanaMsambu, maelezo yako yamenigusa, hasa la maji. Mimi nina watoto wa miaka tisa na kumi na mbili, baba yao angependa twende wote. Naogopa vitu viwili, siafu na upupu. Na pa kuswalia adhuhuri panapatikana?

MwanaMsambu amejibu:

Waalaykum salaam dada yangu. Wa miaka tisa anatembea vizuri, ila atangulie mtu mzima mbele yake na mwingine nyuma, na kwenye ngazi ashikwe mkono.

Siafu wapo, hasa baada ya mvua. Wakikata njia, rukeni mstari wao wote bila kusimama, na suruali ichomekwe ndani ya soksi. Upupu hauko korongoni kwenye kivuli. Uko chini, kwenye vichaka vya kando ya mashamba, na unapokauka ndipo manyoya yake yanapopeperuka. Tumefyeka hatua mbili kila upande, hivyo wafundishe watoto wasiache njia kwenda kuchuma chochote. Ukimpata mtu, asijikune na asikimbilie maji. Apake matope yakauke, ayabandue, arudie.

Kuswali, kuna msikiti mdogo kijijini mnapoanzia. Mkiwa bado korongoni, penye mkuyu pametandazwa changarawe, na kijito kiko karibu kwa udhu.

BwanaShambaMstaafu amejibu:

Nimefanya kazi za misitu upande huo miaka mingi, naomba niongeze neno. Ndugu zangu wa Makorora, tofautisheni ardhi ya kijiji na hifadhi. Amani ilitangazwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 1997, ya kwanza ya aina hiyo nchini, na iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Njia anayoisimulia mwenzetu iko upande wa kijiji. Mkitaka kuendelea kupanda ndani ya msitu wa hifadhi, pitieni lango la hifadhi la Sigi mlipe na mpewe mwongozaji. Pale Sigi pana kituo cha zamani cha reli ya Wajerumani iliyotokea Tengeni, na watoto watapapenda.

Niseme pia kwa wanaosoma hapa na kutamani kuchonga njia kwenye korongo la kwao. Msianze na jembe. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka mtoni zinazoweza kuharibu kingo, hivyo lazima serikali ya kijiji ikae, na watu wa bodi ya bonde la maji waulizwe. Kijiji cha MwanaMsambu najua walifanya hivyo, ndiyo maana njia yao inakimbia juu ubavuni na kugusa kijito sehemu chache tu. Nimeona njia nyingi zilizochongwa ukingoni kabisa kwa sababu ndipo panapopendeza kwa picha. Ukingo ukishakatwa, mto unaula, na njia inakwenda nao.

Nampongeza huyo mzee wa mawe. Mpimaji wa kusomea angefikia uamuzi uleule.

DerevaKange amejibu:

Kwa kundi, kodini Coaster moja hadi juu. Mkitegemea daladala mtafika Muheza vizuri, kama kilomita 40, lakini magari ya kupanda Amani ni machache na mengi huondoka mchana yakisubiri watu wa sokoni. Hapo saa mbili za kazi alizosema hazitapatikana. Tokeni Tanga saa 11 alfajiri. Na dereva awe mzoefu wa kona za kupanda, msichukue tu yeyote wa bei nafuu.

MtembeziMakorora amejibu:

Nimewasomea wenzangu yote haya barazani baada ya magharibi. La Mabayani liliwanyamazisha. Mama mwenyewe ndiye aliyesema kwanza kwamba atakwenda na atafanya kazi, akasema magoti yake hayakatai kuinama, yanakataa kuteremka.

Tumekubaliana Jumapili ya pili ya Julai, insha'Allah. Tuko watu 22. Tumechanga mchele kilo 15, maharage kilo 6 na sukari. Mafundi wawili wa kikundi wanauliza walete sururu ngapi.

MwanaMsambu amejibu:

Sururu tunazo za kutosha, tena nyingine hazina wa kuzishika. Leteni machepe, yetu mawili yamepasuka mpini, na viroba vitupu vya mchele kama ishirini. Kuna changarawe iko chini barabarani inatakiwa ipande hadi penye kona ya nne, mahali panapotuama maji, na hatuna punda. Mkijaza kiroba nusu tu, kila mtu akabeba kimoja, mtakuwa mmetumalizia kazi iliyosubiri tangu masika.

Mama asibebe. Yeye tutampa jembe la mkono na kigoda, kona ya pili, pamoja na mama yangu. Wana mawe saba ya kusafisha pale na kivuli ni kizuri. Namba ya mwenyekiti nimekutumia faragha, mpigie kabla ya Ijumaa atangaze chakula cha watu wangapi.