Muziki wa ujumbe haumbadilishi msikilizaji? Napinga, na naanza na "The Bottle"

Wadau, heshima kwenu.

Kuna hoja naisikia kila wapenzi wa muziki wa zamani wanapokutana, na kila mara huniacha roho haijatulia. Inasema hivi: ile jazi iliyochanganyika na soul, ya Wamarekani Weusi wa miaka ya 1970, iliyoimba juu ya magereza, ulevi, ubaguzi na vinu vya nyuklia, haikubadilisha mtu yeyote. Watu waliicheza, wakatoka jasho, wakarudi makwao, mambo yakabaki yalivyo. Mfano unaotolewa ni uleule siku zote: "The Bottle" (Chupa) ya mshairi na mwimbaji Gil Scott-Heron na mpigaji mwenzake Brian Jackson, wimbo wa msiba wa pombe ambao watu waliucheza chupa ikiwa mkononi.

Nakubali kwamba waliucheza hivyo. Ninachopinga ni kusema kwamba basi ndiyo imeishia hapo.

Wimbo huo umo kwenye santuri ya Winter in America ya mwaka 1974. Ilirekodiwa kwenye studio ndogo huko Silver Spring, Maryland, ikatolewa na Strata-East, kampuni ya santuri iliyoanzishwa mwaka 1971 na wanamuziki wawili, Charles Tolliver na Stanley Cowell, ili mwanamuziki abaki mmiliki wa kazi yake. Scott-Heron alieleza ulikotoka. Karibu na alipokuwa akiishi palikuwa na duka la pombe, na asubuhi walevi walipanga foleni na chupa tupu, wazirudishe wapunguziwe bei ya chupa inayofuata. Akazungumza nao. Mmoja alikuwa daktari. Mwingine alikuwa jeshini, kazi yake kuongoza ndege, hadi siku alipozielekeza ndege mbili zikagonga mlima. Akatoka kazini siku hiyo asirudi tena. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kupanga kuwa mlevi.

Sasa niwaambie yaliyotokea nyumbani kwetu.

Mjomba wangu alikuwa baharia. Alipoacha meli alirudi Tanga na pleya moja na santuri zisizozidi ishirini, hiyo ikiwamo. Nilikuwa na miaka kama kumi na mmoja. Jumamosi jioni aliifuta sahani kwa kitambaa laini, akashusha sindano, na filimbi ya Brian Jackson ilipoingia juu ya lile besi, mjomba alikuwa tayari amesimama. Alicheza vizuri kuliko mtu yeyote niliyemjua. Kazi yangu mimi ilikuwa kukimbia grosari kumchukulia bia.

Siku moja nikamuuliza: "Mjomba, huyu anaimba nini?" Kiingereza alikuwa amekipata melini. Akaanza kunitafsiria huku akicheza: kuna mtoto wa kiume anakimbia kwa hofu, baba yake ameacha kazi, ameuza na kuweka rehani karibu kila kitu, mpaka pete ya ndoa ya mkewe, kwa ajili ya chupa. Hapo akanyamaza. Hakurudi kucheza. Alikaa akaiacha santuri ijizungukie hadi mwisho, tukabaki tunasikia sindano ikikwaruza.

Pombe hakuacha, sitawadanganya. Alikunywa hadi uzeeni. Lakini tangu jioni ile hakunituma tena grosari, mimi wala mdogo wangu. Alikwenda mwenyewe, hata mvua ikinyesha. Atakayeniambia wimbo ule haukumbadilisha mtu aanze na huyo.

Naamini nguvu yake ilikuwa palepale wanapouona udhaifu, kwenye kucheza. Mjomba asingemsikiliza mhubiri wa kupinga ulevi hata dakika mbili. Wimbo ulimwingia kwa miguu, miaka, ukakaa ndani, na siku maneno yalipofunguka alikuwa hana pa kukimbilia kwa sababu alikuwa ameshaupenda.

Tazameni na "Johannesburg" ya mwaka 1975. Nayo ni ya kucheza. Ila inamuuliza msikilizaji wa Marekani: una habari gani kutoka Johannesburg? Desemba mwaka huo waliipiga kwenye Saturday Night Live, kipindi cha televisheni cha Marekani, siku mchekeshaji Richard Pryor alipokuwa mwenyeji, miezi sita kabla wanafunzi wa Soweto, Afrika Kusini, hawajaandamana na kupigwa risasi. Sisemi wimbo uliangusha ubaguzi wa rangi. Uliangushwa na watu wa Afrika Kusini wenyewe kwa damu yao, na majirani waliowahifadhi. Lakini ukiulizwa swali huku unacheza, na huna jibu, kesho yake unatafuta gazeti.

Na sisi Waswahili tuna sehemu yetu hapa ambayo wengi hawaijui. Mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1970 mpiga kinanda wa jazi Herbie Hancock na wenzake wa bendi walijipa majina ya Kiswahili, wakiyapata kwa mpiga ngoma James Mtume: Hancock akawa Mwandishi, Buster Williams Mchezaji, Billy Hart Jabali, Eddie Henderson Mganga, Julian Priester Pepo Mtoto. Bennie Maupin aliitwa Mwile, nadhani walikusudia mwili. Santuri yao ya mwaka 1971 inaitwa Mwandishi, na wimbo unaoifungua umetolewa kwa Angela Davis, mwanaharakati Mweusi wa Marekani, aliyekuwa gerezani akisubiri kesi. Wazee wao wengi hawakutoka pwani yetu. Walikichagua Kiswahili kwa hiari yao, na mimi nikiliona neno "Mganga" kwenye jalada la jazi huwa naguswa sana.

Anayetaka badiliko linaloandikwa kwenye sheria, lipo pia. Mwaka 1980 Stevie Wonder alikwenda ziarani akidai siku ya kuzaliwa ya Martin Luther King iwe sikukuu ya taifa. Bob Marley ndiye aliyetarajiwa kuwa naye, akaugua, na Scott-Heron akachukua nafasi hiyo. Januari 15, 1981 walikuwa Washington mbele ya umati mkubwa uliodai hivyo hivyo. Sheria ilisainiwa Novemba 1983, na sikukuu ikaadhimishwa mara ya kwanza Januari 1986. Wabunge ndio waliopiga kura, najua. Ila wimbo wa Stevie wa kumpongeza King ulikuwa ukiimbwa na watu ambao hawajawahi kumwandikia mbunge barua.

Najua mtanijia na maisha yake mwenyewe. Gil Scott-Heron aliimba dhidi ya chupa na unga, kisha kokeni ikamshika, akafungwa, akafariki Mei 2011 akiwa na miaka 62. Hoja hii inaniuma kwa sababu ni ya kweli, lakini haithibitishi mnachotaka. Tangu mwaka 1971 alikuwa ameimba, kwa sauti ya mtumiaji wa dawa za kulevya mwenyewe, katika "Home Is Where the Hatred Is", jinsi mtu anavyoogopa kurudi nyumbani. Wimbo ule mwimbaji mwenzake wa Marekani, Esther Phillips, aliurudia mwaka uliofuata, naye heroini ilikuwa imemtesa kwa miaka. Tunampima mganga kwa wagonjwa aliowatibu, hata kama yeye mwenyewe amekufa kwa ugonjwa uleule.



Kwa hiyo upande wa pili nawaomba jambo moja. Msinitajie nyimbo zilizoshindwa kuangusha serikali. Nielezeni kwa nini mtu aliyekataa nasaha za mama yake, za shehe wa mtaa na za daktari alitikiswa na beti moja ya mgeni wa Washington. Na wale waliokua na pleya nyumbani, Tanga, Mombasa, Bujumbura, popote: ni wimbo gani ulimfanya mtu wa nyumbani kwenu aache jambo moja, hata dogo? Utajeni wimbo, na jambo lenyewe.

Nawasilisha.