Msaada: nataka kuingia konsaltansi na sijasoma biashara. Dar, Tanga au nisome kwanza?

Kijana_wa_Chuda
Shikamooni wakubwa, wengine mambo. Nimemaliza chuo mwaka jana, sijasoma biashara wala uhasibu, ila nataka kazi ya konsaltansi, yaani kushauri makampuni na miradi. Niende Dar nijaribu kampuni kubwa (Deloitte, PwC, KPMG, EY), nibaki Tanga kwenye ofisi ndogo iliyoniita, haina mshahara, inalipa kwa kazi, au nianze kusoma ACCA, ile mitihani ya uhasibu? Mjomba anataka jibu kabla ya Jumatatu, hela ni yake.

Bi_Ngamiani
Marahaba. Mwanangu, "sijasoma biashara" siyo shahada. Umesoma nini? GPA? Hela ya mjomba ni kiasi gani? Hiyo ofisi inashauri nini? Unatuuliza bei ya samaki na samaki mwenyewe humtaji.

Mkata_Mkonge
Dar, usipoteze muda. Wale wanne wanachukua hata wahandisi na watu wa hisabati. Ila ujue wengi wanaoanza hupelekwa ukaguzi wa hesabu, siyo ushauri. Desemba 31 utakuwa ghalani unahesabu mifuko ya saruji, wenzako wako Raskazone wanaogelea.

Segera_Njiapanda
Shahada isikutishe. Arthur D. Little, moja ya kampuni kongwe kabisa za ushauri, ilianzishwa Marekani mwaka 1886 na mkemia. BCG, nayo ya ushauri, ilianzishwa 1963 na Bruce Henderson, naye alisomea uhandisi. BCG na wenzao McKinsey wana ofisi Nairobi, na mazoezi ya usaili wao wa kesi (unapewa tatizo ulichambue hapo hapo) yapo bure kwenye tovuti zao. Mimi ningelenga huko moja kwa moja.

Mkata_Mkonge
Nairobi kwa nauli ya nani?

Kijana_wa_Chuda
Samahani Bi Mkubwa. Nimesoma sayansi ya bahari, GPA 3.4. Hela ni milioni moja na nusu. Ofisi inafanya tathmini za mazingira na tafiti za kijamii, kazi nyingi ni Pangani na Mkinga.

Bi_Ngamiani
Si ungesema toka mwanzo! Bomba la mafuta kutoka Hoima, Uganda, linaishia Chongoleani hapa hapa Tanga, bandari tunayo, mwani upo, na wewe umesoma bahari, halafu unataka kwenda kushindana na wahasibu Dar? ACCA ni mitihani 13. Aliyesoma uhasibu husamehewa kadhaa, wewe bahari yako haitakusamehesha kitu. Tazama NEMC, baraza la taifa la mazingira, wanasajili wataalamu elekezi wa mazingira. Huo ndio mlango wako.

Dodoso_Mchovu
Kabla hajakubali ofisi ndogo, anisikilize mimi. Shahada yangu ni Kiswahili na Historia. 2021 nilichukuliwa na ofisi moja, jina nalihifadhi, kudodosa wakulima wa mwani siku kumi na mbili. Dodoso liliandikwa na mtu ambaye, naapa, hajawahi kulowesha suruali. Swali la 14: "Mwezi uliopita ulivuna kilo ngapi?" Namuuliza mama mmoja, kainama kwenye maji ya magotini anafunga mbegu kwenye kamba. Ananitazama hivi. "Kilo za mbichi au za kavu? Mie nahesabu kamba, baba."

Nikampigia msimamizi. "Jaza kilo." Wenzangu wakajaza kila mtu anavyojua, huyu mbichi, huyu kavu, wakati mwani ukikauka uzito karibu wote unakwenda na maji. Nikakaa usiku na tochi ya simu, nikatenga kamba, mbichi na kavu, nikaandika kurasa nne za namna ya kuzigeuza. Ripoti ilipotoka kurasa zangu zimo, mpaka kosa langu la tahajia limo. Jina langu halimo hata kwenye shukrani. Malipo? "Mteja hajatulipa." Miezi mitano! Nikaishia kupata nusu, kwa mafungu.

Mkata_Mkonge
Ndiyo maana nasema Dar.

Bi_Ngamiani
Pole sana. Mkataba ulisaini?

Dodoso_Mchovu
Nilisaini karatasi ya mahudhurio tu.

Bi_Ngamiani
Haya, Chuda umesikia. Omba hadidu za rejea, ile karatasi inayosema kazi ni ipi, uzisome wewe mwenyewe. Dai malipo ya awali, na jina lako liwemo kwenye ripoti. Uliza pia nani pale ana usajili wa NEMC, maana utajifunza chini yake. Kama hakuna, hao ni madalali wa kazi za watu.

Segera_Njiapanda
Turudi kwenye usaili wa kesi, ndiko wengi wanakoanguka. Utaulizwa: "Jiji la Tanga lina bajaji ngapi?" Hawataki jibu, wanataka kuona unavyolifikia. Sensa ya 2022 ilitupa watu karibu 390,000. Chukua mmoja kati ya kumi anapanda bajaji kila siku, kwenda na kurudi: safari 78,000. Bajaji moja ikibeba watu 75 kwa siku, unapata kama 1,040.

Mzee_wa_Baiskeli
Mmoja kati ya kumi umemtoa wapi? Tanga hii hii? Hapa watu wanapanda baiskeli, kijana. Njoo barabara ya 12 asubuhi uhesabu.

Segera_Njiapanda
Ni makadirio, mzee. Na bodaboda sijazitia.

Mzee_wa_Baiskeli
Basi siyo hesabu, ni ramli.

Kijana_wa_Chuda
Wakuu, mjomba amesoma uzi wote. Anauliza hizo bajaji 1,040 moja inaingiza shilingi ngapi kwa siku.

Mkata_Mkonge
😂😂 Mjomba ndiye mshauri elekezi hapa.

Bi_Ngamiani
Milioni moja na nusu hainunui bajaji mpya, mwambie. Ofisi umeiuliza habari ya mkataba?

Kijana_wa_Chuda
Nimewapigia. Wamesema "njoo kwanza, mengine tutaongea."

Dodoso_Mchovu
Maneno yale yale niliyoambiwa mimi.

Bi_Ngamiani
Nenda na karatasi yako mkononi, usikae mpaka wasome.

Mzee_wa_Baiskeli
Na aende kwa baiskeli. Segera, bado nakudai ile mmoja kati ya kumi.