Mnaofanya mazoezi nyumbani na watoto, tupeane uzoefu: mnawaacha wajiunge au mnafunga mlango?

Baba wa Tabata (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni.

Jimu nimeachana nayo tangu wapandishe ada, siku hizi natokea jasho sebuleni kwangu nikishatoka kazini. Shida ni wasaidizi. Nikilala chini kupiga pushapu, wa miaka mitatu ameshapanda mgongoni, kwake mimi ni farasi. Wa miaka saba ndiye kocha, anahesabu kwa sauti na kuruka namba anavyotaka: "kumi, kumi na mbili, ishirini, baba umemaliza!" Mama yao anafurahi kwa sababu anapata nafasi ya kupika kwa utulivu. Bibi yao kaja kututembelea, kaona mjukuu kashika chuma cha kilo mbili, kapiga kelele kwamba mtoto atadumaa.

Nataka kusikia kwa waliopitia wenyewe. Wenu wana umri gani, mnawaachia nini, mnawazuia nini?

Binti Sahare

Nina wawili, wa miaka mitano na wa tisa. Kwangu utaratibu ni mmoja: chochote cha mikono mitupu ruksa. Kichurachura, kuruka kamba, planki, kukimbia papo hapo, skwati, wajimwage. Chochote kinachoshikwa mkononi ni cha mama. Hata sijawahi kugombana nao, maana kichurachura wananishinda vibaya mno na wanalijua hilo.

Sakafu ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Kwetu ni vigae, na mtoto akiruka na soksi juu ya vigae huyo kaenda. Peku, na jamvi lisiloteleza. Meza ya kioo nilishaihamishia chumbani.

Niongeze jambo ambalo halina bendeji. Wifi yangu anafanya mazoezi huku analalamika mwanzo mwisho, nimenenepa, tumbo hili, mapaja haya. Binti yake ana miaka tisa kama wangu. Siku moja tumekaa tunakula, mtoto kasukuma sahani, anasema hataki wali, eti wali unaleta kitambi. Miaka tisa, jamani! Kwangu tunasema tunafanya mazoezi tupate nguvu na pumzi. Habari za mizani siziongelei wakiwepo.

Nesi wa Zamu

Mleta mada, hongera kwa uzi. Mimi niko wodi ya watoto, na sikumbuki mtoto aliyeletwa kwa sababu ya pushapu. Tunaowaona sana ni wa kiwiko.

Iko hivi. Baba au mjomba anamshika mtoto viganja, anamwinua na kumzungusha kama sehemu ya mazoezi, mtoto anacheka. Ghafla analia. Ukimtazama, mkono kaubana ubavuni, umekunjwa kidogo, kiganja kimeelekea tumboni. Hakuna uvimbe. Ukimpa biskuti anaipokea kwa mkono wa pili. Hapo mfupa mmoja wa kiwiko umechomoka kidogo kwenye kamba inayoushikilia, na hutokea zaidi kwa watoto wa mwaka mmoja hadi minne kwa kuwa kamba hiyo bado imelegea. Msimkande, msimvute "kurudisha", mleteni hospitali. Anayejua anaurudisha kwa muda mfupi tu, na mara nyingi haipiti nusu saa mtoto ameshasahau.

Kwa hiyo ukitaka kumfanya mtoto ndiye uzito wako, mshike kifuani chini ya makwapa. Mikono yake iache.

La pili, wazazi wenye watoto wa selimundu. Mtoto huyu kucheza na kufanya mazoezi mepesi anaruhusiwa, ila kuishiwa maji na kuchoka kupita kiasi kunaweza kumwamshia maumivu makali. Maji kabla, katikati na baada, apumzike anapotaka mwenyewe, na kushindana na kaka zake hapana. Daktari wake wa kliniki ajue. Mwenye pumu naye aanze taratibu, na dawa yake ya kuvuta iwe hapo hapo sebuleni, siyo kwenye mkoba wa mama aliyeenda sokoni.

Chuma Chakavu

Mimi ni wa vyuma vya kienyeji, bomba na makopo mawili ya rangi yaliyojaa zege. Wengi tunavyo na hakuna anayewaambia watu uzito wake. Kopo la lita 4 likijaa zege ni kilo 9 hadi 10. Mawili na bomba umepita 20. Mtoto wa miaka mitatu ana kilo kama 14. Sasa fikiria mmoja kaliinamia, anataka kuonyesha kwamba na yeye ni baba.

Na kopo ni duara, linabiringika. Sebule nyingi za kupanga zina mteremko kidogo kuelekea mlangoni ili maji ya kudeki yatoke, ukiliacha chini linatafuta njia lenyewe. Yangu yanalala ndani ya tairi bovu la gari uani, nimeyafunga kwa mnyororo na kufuli. Jirani alinicheka, akauliza nani ataiba zege.

Halafu ile mipira tunayokata kwenye tyubu za matairi kuvutia mikono. Ikikatika au ikichomoka kwenye nondo ya dirisha inarudi usoni, na uso wa mtoto uko usawa wa kiuno chako. Nikivuta mpira, mtoto hasimami mbele yangu.

Baba wa Tabata

Hiyo ya kiwiko imenishtua. Kumbe farasi ana nafuu kuliko bembea. Ila bado bibi ananisubiri na jibu la kudumaa.

Mwl. Viungo

Mleta mada, mwambie bibi kwa heshima zote kwamba udumavu tunaoujua Tanzania hautoki kwenye vyuma. Utafiti wa afya wa taifa wa 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa, na hao hawajawahi kuona jimu. Sababu ni lishe duni na maradhi ya mara kwa mara, hasa katika siku 1,000 za mwanzo tangu mimba.

Hofu ya bibi hata hivyo haikuzuka hewani. Karibu na ncha za mifupa ya mtoto kuna sehemu laini ambako mfupa unarefukia. Zikivunjika vibaya, mfupa unaweza kwenda kombo au kubaki mfupi. Kinachozivunja ni kuanguka, kuangukiwa na kitu, au kubeba uzito uliozidi bila mtu wa kusimamia. Madaktari wa watoto wa Marekani (AAP) walitoa msimamo wao upya mwaka 2020: mazoezi ya nguvu yaliyopangwa vizuri na kusimamiwa hayadhuru ukuaji wa mtoto. Shirika la Afya Duniani (WHO), mwaka huo huo, likasema wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa saa moja ya kuchangamsha mwili kila siku, na angalau siku 3 kwa wiki ziwe na mazoezi ya kuimarisha misuli na mifupa. Wa miaka 3 na 4 wanahitaji saa 3 za kujongea kwa siku, ambazo huyo wako anayepanda mgongoni nadhani anazimaliza kabla ya chai.

Kipimo changu ni maelekezo. Mtoto anayeweza kusikia "simama" akasimama, "nyoosha mgongo" akanyoosha, wengi wanafika hapo kwenye miaka saba au nane. Huyo anaweza kuanza na mwili wake, baadaye chupa za maji za nusu lita. Kama hawezi kurudia tendo mara 10 kwa mkao mzuri, uzito huo si wake. Na akisema amechoka, amechoka. Msilete yale ya mchakamchaka wa shule, kwamba anayebaki nyuma anaongezewa raundi. Mkifanya mazoezi yafanane na adhabu, akifika miaka kumi na tano hamtamwona tena.

Mkaa Leicester

Huku Uingereza jambo hili lilishika kasi Machi 2020, shule zilipofungwa kwa korona. Kocha wa mazoezi Joe Wicks alianza kufundisha YouTube kila asubuhi za siku za shule, na familia nzima ilijipanga mbele ya televisheni, kwetu mpaka bibi na kanga yake kiunoni. Wanangu walizoea, hadi leo Jumamosi wananiamsha wao.

Ninachowaonya ni mashine ya kukimbilia. Mei 2021 kampuni ya Peloton iliwaambia wateja wa Marekani waache kuzitumia na wazirudishe mashine zake za Tread+, zipatazo 125,000. Zilikuwa zimeripotiwa kesi 72 za watu, wanyama au vitu kuvutwa chini ya mashine kwa nyuma, watoto 29 waliumia, na mmoja wa miaka sita alifariki. Yoyote uliyo nayo, hata ya mtumba kutoka Dubai, ukanda ule hauna huruma na kidole. Ukimaliza chomoa umeme, ufunguo wa usalama uondoke nao. Wewe uko juu unakimbia na masikio umeziba kwa muziki, mtoto anatambaa nyuma yako, utamwonaje? Kwangu mashine iko chumba chenye mlango, na mlango unafungwa.

Mzee wa Rede

Mnajisumbua bure. Toeni watoto nje wacheze rede na kombolela, mazoezi ya sebuleni ni ya watu wazima wenye vitambi.

Binti Sahare

Mzee wangu, shikamoo. Nje ipi? Uwanja tuliochezea sisi umeshakuwa fremu za maduka, na bodaboda zinapita barazani. Ukinipa uwanja nawaleta kesho.

Mama Kidato

Wa kwangu ana miaka 14, anataka kifua na anaulizia unga wa protini. Nimwache?

Mwl. Viungo

Mama Kidato, vyuma mwache, ila awe na mtu mzima pembeni, na kushindana na wenzake nani anabeba zaidi marufuku. Unga wa protini hana haja nao. Mayai, maharage, dagaa na maziwa vinamtosha, tena kwa bei ya kopo moja la unga ule unanunua trei za mayai za kutosha. Kinachomkosesha kifua saa hizi pengine ni kulala saa saba usiku na simu.

Baba wa Tabata

Nimeandika yote. Leo kilo mbili imepanda juu ya kabati, mdogo atabaki farasi na mkubwa tunaanza naye skwati. Chuma Chakavu, nimeshawishika na makopo yako. Bomba lisizunguke ndani ya zege unafanyaje?

Chuma Chakavu

Toboa bomba karibu na ncha, pitisha misumari miwili ya inchi nne ikae msalaba, ndipo umwage. Bila misumari, kopo linachomoka ukiwa umelinyanyua kichwani. Likishaganda lipe maji kidogo kila siku kwa wiki nzima, na upande wa pili usimwage hadi wa kwanza ushike vizuri. Tairi bovu mtafute fundi pancha, anatoa bure.