King'ora cha mashine ya boti hulia kwenye mwendo wa kasi, ilhali maji yanatoka vizuri

Mshika Usukani:
Ndugu wachangiaji, naomba msaada wenu. Ninatumia baharini mashine ya nguvu farasi 60, ya mipigo minne, ambayo niliinunua ikiwa imeshatumika. Kwa mwendo wa polepole haina tatizo lolote. Nikiipandisha kasi, baada ya takriban dakika kumi king'ora huanza kulia mfululizo bila kukatika, kisha mashine hujipunguza yenyewe hadi kama mizunguko 2000 kwa dakika na kukataa kupanda tena. Nikiiacha ikiunguruma bila gia kwa dakika chache, king'ora hunyamaza na naweza kuendelea, lakini baada ya muda hali ileile hurudi.

Kinachonichanganya ni kwamba maji ya ukaguzi yanayochuruzika ubavuni hutoka kwa nguvu muda wote. Impela ya pampu (gurudumu la mpira lenye mapezi linalosukuma maji) nimeibadilisha mwezi uliopita, na kiwango cha oili kipo sawa. Fundi mmoja ameniambia kuwa kosa ni la sensa, hivyo nikate waya wa king'ora niendelee na safari zangu. Je, ushauri huo ni salama?

Kamba na Nanga:
Usikate waya huo. King'ora ni mdomo tu. Mashine imejipunguza kasi kwa sababu kompyuta yake imepokea taarifa ya hatari, na taarifa hiyo itaendelea kufika hata ukiunyamazisha mdomo. Utakachopoteza ni onyo la siku oili itakapoisha kweli. Tafuta pia kitabu cha mashine yako, maana milio hutofautiana kati ya watengenezaji: kwa mmoja milio mifupi ya kukatika humaanisha maji yameingia kwenye petroli, kwa mwingine humaanisha jambo jingine kabisa. Mlio mmoja mfupi unapofungua swichi kwa kawaida ni kujipima tu, usikutie hofu.

Fundi wa Gati:
Ndugu Mshika Usukani, kabla ya kubadilisha kitu chochote, hakikisha kwanza ni onyo gani, kwa kuwa katika mashine nyingi za mipigo minne joto kupita kiasi na shinikizo dogo la oili huleta mlio uleule wa mfululizo na kupunguziwa kasi kulekule. Kama kuna taa mbele ya mashine au kwenye dashibodi, angalia ni ipi iliyowaka. Kama hakuna, nunua au azima kipimajoto cha kuelekeza kwa mbali, ufungue kifuniko mara tu king'ora kinapoanza, na upime silinda hedi (kifuniko cha silinda) karibu na sensa ya joto. Silinda hedi ikiwa ya moto kweli, sensa haina kosa. Ikiwa na joto la kawaida na taa ya oili haijawaka, hapo ndipo unapoweza kuanza kuishuku sensa au waya wake. Maelezo yako, hasa kule kunyamaza baada ya kupoa, yananielekeza kwenye joto.

Sasa kuhusu maji ya ubavuni, ambayo naona yamewapotosha wengi. Maji hayo ni ushahidi kwamba pampu inasukuma, basi. Katika mashine nyingi mrija wake huchukua maji kabla hayajapita kwenye themostati (vali inayofunguka maji yakipata joto), kwa hiyo yanaweza kutoka kama bomba huku maji ndani ya silinda yakiwa hayaendi popote. Kinyume chake pia hutokea: kitundu kikizibwa na chumvi au mchanga, mtu hupata hofu ya bure, na uzi wa mshipi wa nailoni unatosha kukizibua.

Toa themostati, uining'inize kwa uzi ndani ya sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, uyapashe polepole. Joto lake la kufunguka mara nyingi limechongwa juu yake. Kwa mashine nyingi za boti huwa kati ya nyuzi 50 na 60 za Selsiasi, chini sana kuliko la gari. Usiiache itumbukie chini kabisa, kwa kuwa kitako cha sufuria kina joto zaidi na kipimo chako kitakudanganya. Baada ya hapo kagua vali ya shinikizo, ile yenye springi, kama mashine yako inayo. Hiyo ndiyo inayofunguka mzunguko unapoongezeka ili kupitisha maji mengi zaidi. Ikigandishwa na chumvi, utaona hasa ulichokieleza: polepole salama, kasi moto.

Mkuku:
Nakubaliana na Fundi, ila nina swali ambalo halijaulizwa. Impela ya zamani ulipoitoa ilikuwa na mapezi yake yote? Mpira ukikatika hauyeyuki. Husafiri na maji hadi ukwame mahali pembamba. Pia tazama kimo cha mashine kwenye tezi. Bamba lililo juu ya pangaboi linapaswa kuwa takriban sawa na kitako cha boti. Likiwa juu mno, matundu ya kunyonyea maji hunyonya hewa boti inaponyanyuka kwa kasi.

Mshika Usukani:
Nimerudi na majibu. Taa iliyowaka ni ya joto. Themostati ilifunguka vizuri ndani ya sufuria, lakini chini ya makazi yake nilikuta kipande cha mpira kimekwama, na vali ya shinikizo ilikuwa ngumu kwa chumvi hata ikanilazimu kuiloweka katika siki. Impela ya zamani bado ninayo, na kwa aibu nakiri kuwa imepungukiwa na mapezi mawili. Nimekwenda kwa kasi dakika arobaini bila mlio. Mpira niliouona hautoshi mapezi mawili.

Fundi wa Gati:
Basi pezi jingine bado limo humo. Toa themostati tena, uingize bomba la maji baridi kwenye tundu lake mashine ikiwa imezimwa na kusimama wima, ili maji yashuke kinyume cha njia yake ya kawaida. Ukifungua mguu wa mashine, yaani sehemu ya chini inayozama majini, kagua pia mrija unaopanda kutoka kwenye pampu. Wakati huohuo pima mgandamizo wa kila silinda. Mashine iliyochemka mara kadhaa huweza kuwa imeunguza gasketi (kizibo chembamba kati ya silinda na kifuniko chake), na tofauti kati ya silinda ikizidi takriban asilimia 10, ningeikagua silinda hedi kabla ya safari ndefu.

Mshika Usukani:
Nitaanza na mrija Jumamosi. Waya wa king'ora nimeuacha ulipo.