Wauza matcha wa Mtwara na Lindi, huu unga wa rangi ya khaki mnatuuzia wa nini?

Wakuu, salamu baadaye, leo nina hasira.

Wauzaji, kuanzia Mtwara mjini, Masasi hadi Lindi: matcha, yaani unga laini wa majani ya chai ya kijani, haifungwi kwenye nailoni inayoonyesha ndani ikaning'inizwa mlangoni mwa duka, jua la saa saba linaipiga. Ule ukijani ni klorofili, na klorofili inauawa na mwanga, joto, hewa na unyevu. Pwani yetu hii vyote vipo bure. Unga ukishakuwa khaki umekwisha, kinabaki uchungu mtupu na harufu ya nyasi kavu. Mteja akilalamika anajibiwa "ndiyo asili yake". Asili gani?

Matcha ya kweli, ile ya Uji au Nishio kule Japani, michai hufunikwa kivuli wiki tatu hivi kabla ya kuchumwa. Majani yanapigwa mvuke, yanakaushwa bila kusokotwa, vikonyo na mishipa inatolewa, ndipo yanasagwa. Ukitia chai ya kijani ya kawaida kwenye brenda unapata chenga za chai, basi. Na nyie mnaochanganya mlonge, mlonge ni mzuri, uuzeni kwa jina lake na kwa bei yake!

Mnunuzi, kabla hujatoa hela sugua unga kidogo kwa kidole juu ya karatasi nyeupe. Mzuri ni laini kabisa na unaacha alama ya kijani kibichi; mbovu unakwaruza na alama yake ni ya manjano. Kisha tia kidogo kwenye glasi ya maji baridi. Matcha haiyeyuki, maji yanakuwa mazito ya ukungu na baadaye unga unatua chini. Ukiona maji ya kijani angavu yanayopitisha mwanga kama juisi ya pakiti, umeuziwa rangi.

Sasa nyie wa video za mapishi ya korosho za sukari zenye matcha. "Weka vijiko vitatu vya matcha kwenye shira inayochemka, kamulia ndimu." Nani kawafundisha? Joto na asidi vinaondoa magnesiamu kwenye klorofili, kijani kinageuka kahawia. Watu wanatupa korosho zilizobanguliwa, na bei yake mnaijua.

Korosho za sukari zinafanywa hivi. Korosho robo kilo, zioke nyuzi 150 kwa dakika 12 hadi 15. Sukari gramu 100 na maji vijiko 3 vya chakula, chemsha bila kukoroga mpaka tone likiangushwa kwenye maji baridi lifanye kidonge laini. Epua. Mimina korosho, koroga bila kupumzika. Sukari ikianza tu kuwa nyeupe, nyunyiza matcha gramu 5 (vijiko viwili na nusu vya chai, vilivyosawazishwa) uliyoichekecha pamoja na kijiko 1 cha chakula cha sukari ya unga. Kuichekecha na sukari kunazuia mabonge. Ukiwahi, shira ya moto inaiunguza; ukichelewa, sukari imeshakauka na unga wote unabaki chini ya sufuria. Hapo ndipo wengi wanaharibu, na hakuna video inayosema.

Visheti na kaimati msitie matcha kwenye donge. Mafuta ya nyuzi 170 na zaidi yanababua nje, kijani hakionekani na hela imeungua. Nyunyizeni juu, shira ikishakauka. Kashata ya nazi inaipokea vizuri kwa sababu mafuta ya nazi yanapunguza ukali, ila nayo itiwe sufuria ikishaepuliwa. Biskuti: gramu 6 hadi 8 kwa robo kilo ya unga wa ngano, nyuzi 150 au 160, toa kabla pembeni hazijabadilika. Wa jiko la mkaa, makaa ya juu ya mfuniko yawe machache sana.

Kopo la matcha likitoka kwenye friji liache limefungwa mpaka ubaridi uishe, la sivyo jasho linaingia ndani na unga unaganda.

NYONGEZA: Wanaouliza soda ya kuokea. Ndiyo, inasaidia kijani kwenye biskuti kwa kupunguza asidi. Ila ikizidi robo kijiko cha chai kwa robo kilo ya unga, mtakula sabuni. Kwenye korosho haina kazi yoyote.