Naomba ushauri: bodi ya SACCOS inataka Oracle, mimi naona PostgreSQL inatosha

Mtunza_Seva: Habari zenu wakuu. Nipo kitengo cha TEHAMA kwenye SACCOS ya wafanyakazi huku Mbeya. Tunabadilisha mfumo wa akiba na mikopo, nami nimependekeza kanzidata (programu ya kuhifadhi data za mfumo) ya PostgreSQL kwa sababu ni programu huria na haina ada ya leseni. Bodi imegoma, inataka Oracle, kanzidata ya kulipia leseni. Mjumbe mmoja kaniuliza, "Ikizima usiku wa kuamkia mishahara, tunampigia nani?" Nikajibu mnanipigia mimi. Hakuridhika. Hivi makampuni hulipia kanzidata kwa ubora wake au kwa jina tu? Kikao ni Alhamisi.

Bandari_Salama: Mkuu, mjumbe kauliza swali la msingi, usilipuuze. Wewe ukiugua au ukiacha kazi, wanabaki na nani? Nimekaa benki miaka mingi. Benki hailinganishi kanzidata kwa kanzidata. Inachagua kwanza mfumo wa kibenki, kisha mfumo ndio unaoamua ukae juu ya nini. Mfano, mfumo wa kibenki wa FLEXCUBE ni mali ya kampuni ya Oracle na unakaa juu ya kanzidata ya Oracle. Ukiulazimisha kwingine, hakuna wa kukuhudumia. Halafu kuna hesabu za riba na marejesho zilizoandikwa kwa PL/SQL, lugha ya Oracle, ndani ya kanzidata yenyewe. Kuhama maana yake ni kuziandika upya na kuzijaribu moja moja. Upande wa biashara ya rejareja wa Amazon ulimaliza kuhama Oracle mwaka 2019, kanzidata karibu 7,500. Wao wana wahandisi wa kutosha kazi hiyo.

Dada_Mahesabu: Mimi ni mhasibu, naomba bodi ione bei kabla haijapiga kura. Bei ya orodha ya Oracle Enterprise Edition, toleo lake kubwa, ni dola 47,500 kwa prosesa, na huduma ni asilimia 22 kila mwaka. Kwenye seva za Intel, kori mbili (vitengo vya kazi ndani ya prosesa) zinahesabiwa leseni moja ya prosesa. Seva ya kori 8 ni leseni nne: dola 190,000 kabla ya punguzo, na 41,800 za huduma kila mwaka. Hizo ni akiba za wanachama! Standard Edition 2 ni nafuu zaidi, dola 17,500 kwa soketi (nafasi ya prosesa kwenye seva). Tena kuna nyongeza zinazolipiwa kando. Mkizitumia bila kuzinunua, ukaguzi wa leseni ukija mnadaiwa.

Kitonga_Juu: PostgreSQL yenyewe haina shida. Chimbuko lake ni mradi wa chuo kikuu cha Berkeley ulioanza 1986, na kila toleo kubwa hupata marekebisho kwa miaka mitano. Bodi inachotaka ni mtu wa kuwajibika, na huyo anapatikana hata kwenye programu huria: kampuni kama EDB zinauza huduma ya PostgreSQL kwa mkataba. Peleka kikaoni karatasi inayosema nani anapigiwa simu, anajibu ndani ya muda gani, na bakapu (nakala ya akiba ya data) ilijaribiwa kurejeshwa lini. Ukiweza, irejeshe mbele yao. Na muulize aliyetengeneza mfumo wenu, kwa maandishi, anaikubali kanzidata ipi.

Mtunza_Seva: Nashukuru sana, wakuu. Nimemuuliza mtengenezaji leo. Kajibu kwa barua pepe kwamba mfumo wao unakaa juu ya PostgreSQL au SQL Server (kanzidata ya Microsoft), Oracle hawajawahi kuijaribu. Kwa hiyo limebaki suala la mkataba. Kuna aliyewahi kuingia mkataba wa huduma ya PostgreSQL wa saa 24 hapa nchini? Masharti yalikuwaje?